Maini katika Sinia la Watoto: Mwongozo kwa Wazazi

Malalamiko ya wazazi wa zama zetu, mijini na hata mashamba, ni kwamba watoto wao wamevipa kisogo vyakula vilivyowalea babu zao: maini hawayagusi, utumbo wakiuona hukunja uso, firigisi huisogeza mpaka ukingoni mwa sahani, dagaa hulaumiwa harufu yake, mlenda husemwa unateleza, na uji wa ulezi hukataliwa kwa rangi tu, lakini mzazi huyo huyo anayelalamika, ukimfuata mpaka jamvini pake, aghalabu utamkuta yeye mwenyewe hajatia maini kinywani tangu mwezi jana, na akitajiwa utumbo mbele ya wageni huona haya. Mwongozo huu basi umeandikwa kwa ajili ya mtoto, ila sehemu yake kubwa inamhusu mkubwa, kwa sababu katika jambo la kula mtoto hufundishwa na uso wa yule anayekula pamoja naye kuliko maneno yanayotoka katika kinywa cha mtu huyo.

Yafaa kwanza mzazi ajue anachokipigania, maana asiyejua thamani ya kitu huchoka upesi kukitafuta. Ini ndilo ghala la mwili wa mnyama: humo hulimbikwa madini ya chuma ambayo damu hujengwa kwayo, na vitamini A ambayo jicho huihitaji ili lione giza linapoingia na mwili huihitaji ili ushindane na maradhi, na vitamini B12 ambayo haimo katika mboga za majani hata mtu akizila kutwa kucha. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina takriban miligramu 5 za chuma, na za maini ya kuku hukaribia 9. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya chuma cha nyama huingia mwilini kwa wepesi kuliko kile cha maharage au mchicha, na nyama kidogo ikiliwa pamoja na mboga hizo husaidia hata chuma cha mboga kipokelewe. Hili si jambo la kupuuzwa katika nchi zetu. Uchunguzi wa hali ya watu na afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015–16 ulikuta kuwa watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Na ingawa malaria na minyoo vina fungu lao katika msiba huo, sinia lisilo na kitoweo chenye chuma nalo lina fungu lake, na hilo la mwisho ndilo lililo mikononi mwa mpishi wa nyumba.

Wa kale walizijua fadhila hizi kwa kujaribu, kabla ya kuwako mizani ya kuzipimia. Wamisri wa zama za Mafirauni waliwatibu kwa ini wale ambao macho yao yalishindwa na usiku. Katika karne ya 20 George Whipple, mtaalamu wa Marekani, aliona kuwa mbwa waliopunguzwa damu huirudisha upesi wakilishwa maini. Na mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Boston wakatangaza kuwa wagonjwa wa namna moja ya upungufu wa damu, ambayo mpaka siku hizo ilikuwa haina dawa na mwisho wake ulikuwa mauti, walipata nafuu kwa kula maini mengi kila siku. Mwaka 1934 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, na kile kilichokuwa kimejificha katika ini hilo, kilipopatikana kikiwa safi mwaka 1948, kikaitwa vitamini B12. Mzazi anayemkatia mwanawe kipande cha ini hafanyi basi jambo la kizee lililopitwa na wakati.

Je, karaha ya mtoto hutoka wapi? Wengi hudhani mtoto huzaliwa nayo, na dhana hiyo huwapa udhuru wa kuacha jitihada. Mwaka 1926 tabibu wa watoto aitwaye Clara Davis, kwanza katika mji wa Cleveland, kisha Chicago, alianza kuwatazama watoto wachanga waliokuwa ndio kwanza wanaachishwa ziwa, jumla yao 15, ambao walikuwa hawajawahi kuona chakula cha wakubwa wala hawajamsikia mtu akikisifu au kukitukana. Orodha ya vyakula vyao ilikuwa na namna 34, na miongoni mwake mlikuwa na ini, figo, ubongo na uboho wa mifupa, kila kimoja kikiwekwa katika chombo chake. Na walezi waliamriwa wasionyeshe kwa ishara wala kwa neno kipi kizuri na kipi kibaya, bali mlezi akae na kijiko mpaka mtoto mwenyewe anyoshe mkono. Watoto hao wakaonja vya kila namna, vingine wakavitema, vingine wakavipenda, kila mmoja kwa hiari yake, wakakua wakiwa na siha njema. Davis mwenyewe alisisitiza kuwa siri ilikuwa katika orodha ile: haikuwa na sukari wala unga uliokobolewa wala kitu cha makopo, hata hiari ya mtoto ikawa haina njia ya kumpoteza. Kutokana na habari hii mzazi ajifunze mambo mawili, kwamba ini halina ubaya wowote machoni pa mtoto asiyefundishwa kulichukia, na kwamba hiari ya mtoto ni kitu cha salama maadamu mkubwa ndiye aliyechagua kitakachoandaliwa.

Chuki hiyo basi imefundishwa, na wafundishaji ni sisi. Zamani katika jamaa nyingi za Afrika Mashariki vipande hivi vilikuwa na heshima ya kupita kiasi, hata watoto wakanyimwa: firigisi ya kuku ilikuwa fungu la baba mwenye nyumba au la mgeni wake, na mtoto aliyeinyemelea alionekana hana adabu. Kisha zikaja siku ambazo nyama ya mnofu ikawa ndiyo alama ya uwezo, na utumbo, kichwa na makongoro vikaitwa chakula cha wasio na kitu. Maini peke yake yakanusurika, na buchani mjini hayauzwi rahisi kuliko nyama. Mtoto aliyelelewa baina ya mila ile ya kwanza, iliyomnyima, na mila hii ya pili, inayodharau, angeipata wapi hamu? Wako pia wanaokwepa kwa kuogopa damu, wakidhani wanaihifadhi dini yao; hao na wakumbuke kuwa sharia ya Kiislamu imeharamisha damu inayotiririka, lakini ini na wengu vimehalalishwa waziwazi, na jamaa nyingi za Waislamu, siku ya Idi ya Mfunguo Tatu, hufungua kinywa kwa maini ya mnyama waliyemchinja.

Dawa ya dharau si hotuba. Katika vita vya pili vya dunia serikali ya Marekani, ikiona nyama nyingi inapelekwa kwa askari, ilitaka wake wa nyumbani wapike mioyo, figo na vipande vingine ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvitia chunguni. Na Kurt Lewin, mtaalamu wa elimu ya nafsi, akajaribu njia mbili kwa vikundi vya wanawake katika jimbo la Iowa. Wengine walihutubiwa juu ya lishe, juu ya wajibu wa raia wakati wa vita na juu ya unafuu wa bei, wakagawiwa na karatasi za mapishi. Wengine waliketi wakazungumza wao kwa wao, wakataja wazi kinachowachukiza, harufu hii na sura ile, na malalamiko ya waume zao, kisha wakaulizwa ni nani atakayejaribu juma lile, wakainua mikono. Juma lilipopita, katika wale waliohutubiwa ni 3 tu katika kila 100 waliokuwa wamepika kimojawapo cha vitu ambavyo hawakuwa wakivipika. Katika wale waliozungumza na kukata shauri pamoja walikuwa 32. Mimi naitakidi kwamba kila nyumba ingefaa kulipima neno hili kabla ya kumkaripia mtoto yeyote. Kaeni kitako, baba, mama, bibi, dada mkubwa na msaidizi wa jikoni, mseme bila kuoneana haya ni kipi mtu anachokipenda na kipi kinamkirihi. Mkubaliane siku moja ya juma itakayokuwa siku ya maini, na nyingine, labda baada ya majuma mawili, ya utumbo au supu. Na yule mkubwa ambaye kweli hawezi, asimame mbali na sinia siku hiyo kuliko kukaa na kukunja pua, maana pua moja iliyokunjwa hubatilisha kazi ya mwezi mzima. Baba ana wadhifa wake mahsusi hapa: mtoto akimwona baba anajitengea kipande na kukila kwa furaha, bila kumwita yeyote aje ale, hamu humjia yenyewe.

Ama umri wa kuanza, kadiri uwavyo mdogo ndivyo kazi iwavyo nyepesi. Mtoto hupata harufu na ladha za vyakula vya mamaye hata kabla ya kuzaliwa, na tena katika maziwa. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walieleza kuwa watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa mimba au wa kunyonyesha waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa uso mkunjufu kuliko wengine. Kwa hiyo mama anayenyonyesha asijinyime dagaa, kunde wala mboga za kienyeji kwa kuogopa kuwa maziwa yatabadilika ladha. Atimizapo mtoto miezi 6, ndipo anapoanza kuhitaji chakula juu ya maziwa, kwa sababu akiba ya chuma aliyozaliwa nayo imepungua. Hapo maini ya kuku yaliyochemshwa mpaka yakaiva kabisa, yakapondwa kwa mwiko na kupitishwa katika chujio, kijiko kimoja cha chai katika viazi vilivyopondwa au ndizi iliyochemshwa, ni mwanzo mzuri. Baada ya mwaka wa pili, mtoto aliyekuwa akila kila kitu huanza kukataa kila kigeni, na hali hiyo huweza kuendelea mpaka umri wa kwenda shule. Mzazi asidhani amekosea mahali, kwani hiyo ni tabia ya umri, na yule aliyeonjeshwa mengi kabla yake huwa na machache ya kuyakataa.

Katika umri huo wa ukaidi ndimo subira inamotakiwa. Wataalamu waliowachunguza watoto wamekuta kuwa chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano, kabla hakijakubaliwa, ilhali wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne, wakasema mtoto wetu hapendi maini, na neno hilo likishasemwa mbele yake huwa limekwisha kuwa jina lake. Mpe kipande kidogo mno, cha ukubwa wa punje ya kunde, kando ya chakula anachokipenda, usimwambie neno, akila, vyema, akikitema, mfundishe kukitema kwa adabu pembeni, na usimkasirikie, kwa sababu ulimi wake umekwisha kujua ladha ile na siku nyingine haitakuwa ngeni. Usimlazimishe, wala usimshike taya, wala usimzuie kuinuka mpaka amalize, kwani anayelishwa kwa nguvu hukumbuka nguvu na kusahau chakula. Hali kadhalika usimhonge. Yule mama asemaye, kula maini nikupe biskuti, amekwisha kutoa hukumu kuwa maini ni adhabu na biskuti ni neema. Na mwaka 1984 Leann Birch na wenzake walionyesha kuwa watoto walioahidiwa zawadi ili wanywe kinywaji fulani walikipenda kinywaji hicho kidogo zaidi baada ya zawadi kuliko kabla yake.

Kinachofaa kuliko hongo ni njaa ya halali na wenzi wema. Njaa ya halali nakusudia ile inayokuja yenyewe, mtoto asipopewa soda, peremende wala chai ya maziwa kwa muda wa saa mbili kabla ya chakula. Na chai hiyo ina kosa la pili, nalo ni kwamba ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini, basi na isogezwe mbali, mahali pake pakae maji au maji ya ndimu. Wenzi wema ni watoto wengine. Ikiwa shangazi yake ana mtoto anayekula maini kwa raha, mwalike siku ya maini, uwaweke sinia moja, kisha ushughulike na mambo yako. Utayaona ya ajabu. Desturi yetu ya kula sinia moja ilikuwa chuo kikubwa kwa jambo hili, maana mtoto alikuwa akitazama mikono ya wakubwa wake inakwenda wapi. Na familia ambazo kila mtu ana sahani yake na saa yake ya kula zingefanya hisani kubwa kwa watoto wao kama zingeirudisha hata siku mbili katika juma.

Sasa tuingie jikoni, kwa kuwa maini mengi yamechukiwa kwa kosa la mpishi. Anza na maini ya kuku au ya mbuzi mchanga, ambayo ni laini na ladha yake ni pole, kisha ya ng'ombe baadaye. Likiwa ini la kuku, tazama kifuko cha nyongo kilichoshikamana nalo, ukikate pamoja na kijisehemu cha ini kilichogusana nacho, kwa maana kifuko kikipasuka hakuna kiungo kitakachouficha uchungu wake. Likiwa la ng'ombe au mbuzi, ubandue ule utando mwembamba wa juu, kwani ndio unaojikunja motoni na kuyafanya maini yawe magumu kutafuna. Uondoe mishipa minene, ukate vipande vyembamba vya nusu sentimita, uviloweke katika maziwa au maji yenye ndimu kwa muda wa nusu saa, uvikaushe kwa kitambaa safi. Ponda kitunguu thomu na tangawizi, tia pilipili manga na bizari kidogo, upake. Chumvi iache mpaka mwisho. Kaango liwe limekwisha kupata moto, mafuta kidogo, na vipande visirundikane. Dakika mbili au tatu kila upande zatosha, mpaka ukikata kipande katikati huoni wekundu wala maji ya damu, kwa kuwa mtoto hapewi ini bichi. Lakini yakishaiva yaepue mara moja, kwani maini yanayoachwa motoni robo saa ili yaive vizuri hukauka, hushupaa, na hutoa ule uvumba ambao mtoto huukimbia. Vitunguu maji vilivyokaangwa mpaka vikawa vya hudhurungi huyapa utamu ambao watoto huupenda. Nyanya na tui zito la nazi huyapa mchuzi ambao wali huuvuta. Na ndimu ikikamuliwa juu yake wakati wa kupakua hukata harufu iliyobaki.

Kwa mtoto asiyestahimili hata kuyaona, yasage uyachanganye na nyama ya kusaga, fungu moja la maini kwa mafungu matatu ya nyama, utengeneze katlesi, kababu au sambusa. Akizoea, ongeza fungu polepole. Hapa nina shauri ambalo wapishi wengine hawatakubaliana nami: usimdanganye. Akiuliza kuna nini ndani, mwambie kuna nyama na maini kidogo, na asipouliza mwambie akisha kula, kwa sauti ya kawaida. Mtoto akigundua kuwa aliingiziwa kitu kwa hila hatalichukia ini peke yake, atakitilia shaka kila kitokacho mkononi mwako, na kuijenga upya amani ile ni kazi ngumu kuliko kumzoeza maini.

Firigisi ni rafiki wa watoto ikipikwa kwa muda wake. Ipasue, utoe mchanga na ule utando wa manjano wa ndani, uioshe kwa chumvi, uichemshe saa nzima au zaidi kwa tangawizi mpaka kisu kipite bila nguvu, ndipo uikate vipande vidogo na kuikaanga. Kwa walio chini ya miaka minne ikatwe ndogo sana, kwani ni nyama ya kutafuna na huweza kumkaba mtoto. Utumbo unataka bidii zaidi: uukwangue kwa maji ya moto, uusugue kwa chumvi na ndimu mpaka maji yawe meupe, uuchemshe, umwage maji ya kwanza, kisha uuweke tena motoni pamoja na tangawizi na kitunguu kwa saa mbili au tatu. Ukilainika, utie ndizi mbichi na nazi, na utapata chakula ambacho mtoto hukipenda kwa ajili ya ndizi mpaka atakapokipenda kwa ajili ya utumbo. Supu ya makongoro au ya mifupa haina haja ya hila yoyote. Mpe kikombe na kipande cha chapati. Figo ziache ziwe za mwisho, kwa sababu harufu yake ni kali: zipasue katikati, ukate ile sehemu nyeupe yote, uziloweke katika maji ya chumvi na ndimu, nazo hazitaki moto mrefu.

Kabla ya jiko kuna buchani, na huko hadhari ni faradhi. Nunua kwa mchinjaji ambaye nyama yake imekaguliwa na bwana afya na kupigwa mhuri, na uende asubuhi, kwa kuwa vitu vya ndani huharibika upesi kuliko mnofu. Ini zuri lina rangi ya damu ya mzee inayong'aa, halina ukungu wa kijani, halinati, na likibonyezwa hurudi. Ukiona madoa meupe, mishipa iliyokakamaa, au malengelenge yenye maji, liache hapo hapo, maana mifugo ya nchi zetu hupatwa na minyoo ya ini na maradhi mengine ambayo mkaguzi hulikataa ini kwa ajili yake. Mchukue na mtoto, umwonyeshe lipi ini, upi moyo, upi wengu, na kwa nini hili umelichagua na lile umeliacha. Kile ambacho amekwenda kukichagua mwenyewe sokoni, akakibeba, akakioshea jikoni, hakiji sahanini kikiwa mgeni.

Kipimo nacho kina umuhimu wake, kwa sababu mzazi aliyefurahia habari za ini huweza kuzidisha. Vitamini A ya ini ikiwa nyingi mno hudhuru. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina takriban mikrogramu 5,000 za vitamini hiyo, ilhali kikomo cha kila siku kilichowekwa kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni mikrogramu 600, na kwa wa miaka minne hadi minane ni 900. Kuzidi kikomo siku moja si hatari, lakini kuzidisha siku baada ya siku ni hatari. Kwa hiyo mara moja kwa juma yatosha, gramu 20 kwa mtoto mdogo, 30 au 40 kwa mkubwa kidogo, na usimwongezee mafuta ya samaki yenye vitamini A bila kumwuliza mganga. Mama mwenye mimba asifuate kipimo hiki, kwani wingi wa vitamini hii huweza kumdhuru mtoto tumboni, na nchini Uingereza wajawazito huambiwa wasile ini kabisa. Mtoto mwenye selimundu au maradhi mengine ya damu, aulizwe tabibu wake kwanza.

Vyakula vingine vya asili hufuata kanuni hizo hizo, nami sitavirefusha. Dagaa wakavu waoshwe kwa maji ya moto, vichwa viondolewe kwa wanaoanza, wakaangwe mpaka wakakauka, ndipo waungwe kwa nyanya na nazi. Kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu ambayo moto huiondoa. Karanga zilizosagwa humfanya mtoto asahau kuwa ni majani. Ulezi uanze nusu kwa nusu na unga aliouzoea. Mnavu una uchungu, basi uchanganywe na mchicha na maziwa, na uchungu huo uachiwe kidogo kila mara, kwani ulimi usiozoezwa uchungu wa mboga huupenda kwa shida ukubwani.

Na akiwapo mtoto ambaye, baada ya miezi ya kuonja na kuonja tena, bado hataki ini, muache na ini lake. Mpe moyo, firigisi, dagaa, mayai na kunde, ambavyo navyo vina chuma, na ikiwa anachoka upesi, viganja na ndani ya macho yake vimepauka, usingojee jiko likuponyee, mpeleke zahanati apimwe damu. Lakini wengi watalikubali, na baadhi yao watalipenda kuliko ulivyotarajia, hata waanze kuliulizia katikati ya juma na kumwonea kijicho ndugu aliyepata kipande kikubwa. Hapo ndipo utakapotakiwa kushika mizani kwa mkono wa pili: gawa sawa, usimpe mmoja kwa kuwa ndiye mvulana au ndiye kipenzi, na anayetaka la pili mwambie siku ya maini ni ile mliyoafikiana, leo kuna maharage.